Mti Uliokaa Majini

Picha iliingia kwenye simu yangu Septemba 2023, nikiwa chumba cha walimu nasahihisha madaftari. Aliyeituma ni mwalimu mwenzangu wa Jiografia. Ilionyesha magogo mawili ndani ya udongo uliolowa, moja limepita juu ya jingine, na lile la juu limechongwa pengo upande wa chini, likapanda mgongo wa mwenzake likatulia. Chini ya picha palikuwa na maneno machache: Kalambo, umri usiopungua miaka 476,000. Wenzangu wakaanza kubishana kama namba ile haikuongezwa sifuri kwa makosa. Mimi niliweka kalamu mezani nikatoka nje. Nilikuwa nimeisikia sauti ya baba, na baba alikwisha kufa miaka sita kabla ya hapo.

Habari za mti ule baba alizisema Julai 2009, tukiwa tumesimama kwenye ukingo wa maporomoko ya huko huko Kalambo. Sikumsikiliza. Nilikuwa natazama saa.

Wakati ule nilikuwa nafundisha Historia katika shule moja ya sekondari Sumbawanga. Baba alikuja kunitembelea kutoka Tanga, siku tatu njiani: basi hadi Dar es Salaam, basi hadi Mbeya, kisha la Tunduma hadi kupanda uwanda wa Ufipa. Alishuka stendi amejikunja. Julai ya Ufipa inauma, na yeye alikuwa mtu wa pwani. Alikuwa fundi seremala. Ufundi alijifunzia Pangani kwa mjomba wake aliyekuwa akiunda mashua, kisha akahamia Tanga mjini kutengeneza milango na vitanda. Ndani ya begi lake, katikati ya nguo, palikuwa na tezo. Nilipomuuliza tezo ya nini safarini, akasema fundi hajui ataitwa wapi.

Nilitaka kumwonyesha mambo makubwa, na nilikuwa na mawili akilini. La kwanza ni Kalambo, mpakani na Zambia, ambako mto unaanguka kwa mruko mmoja zaidi ya mita 200, yaani karibu mara mbili ya urefu wa maporomoko ya Victoria. La pili ni boma la Wajerumani pale Kasanga, mahali walipopaita Bismarckburg, juu ya kilima kinacholichungulia Ziwa Tanganyika. Kwa usafiri wa kawaida mzunguko huo ulikuwa wa siku tatu au nne, kwa sababu unasubiri lori lijae, unashuka njia panda, unasubiri tena. Nikakodi Land Rover kuukuu kwa siku moja, shilingi 150,000, mafuta juu yangu. Kwa mshahara wangu wa siku zile zilikuwa fedha nyingi, na nadhani ndiyo sababu niliing'ang'ania siku ile kama mtu aliyeshika hela mkononi sokoni. Niliandika ratiba kwenye karatasi nikaikunja mfukoni: kuondoka saa kumi na moja alfajiri, maporomoko saa nne, Kasanga saa saba, boma saa tisa, nyumbani saa mbili usiku.

Barabara ilikuwa ya vumbi. Pembeni yake yalipita mashamba ya Wafipa yenye vichuguu vya duara wanavyoviita ntumba, ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Baba alitaka tusimame avitazame. Nikamwambia tutaviona tukirudi, na tukirudi ilikuwa giza.

Tulipoipita Matai, mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya njia na baiskeli iliyokatika mnyororo. Dereva akapunguza mwendo kwa mazoea yake. Nikamwambia aendelee, gari hili tumelikodi. Baba akageuka kiti cha mbele.

"Umekodi gari au umekodi barabara?"

Baiskeli ikafungwa juu, mzee akaingia nyuma. Akamwamkia baba kwa heshima ya watu wa rika moja, wakaulizana watoto na mvua. Kumbe anatoka kijiji cha jirani na maporomoko. Mpaka leo nikiikumbuka safari ile, naona kwamba bila baiskeli ile kukatika mnyororo tungefika Kalambo kama watu wanaopiga hodi nyumba isiyo na mtu, tukatazama, tukaondoka. Rukwa yote niliyoijua kabla ya hapo niliijua juu ya malori, nimebanwa kati ya magunia na akina mama wenye kuku. Pale ndipo niliposikia nani kaoa wapi, ziwa limekula nani, mahindi yamefika bei gani. Siku niliyolipia gari la peke yangu, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuwafungia mlango walimu wangu.

Siku hizi, nasikia, zimejengwa ngazi za kushukia upande wetu. Mwaka 2009 tulifuata njia ya miguu, mzee wetu mbele, baba katikati, mimi nyuma nikiwa na hofu ya magoti yake. Sauti ilitangulia. Kisha mti wa mwisho ukapita na ardhi ikaisha. Mto Kalambo unatoka juu ya uwanda ukiwa mwembamba, mtulivu, hauonyeshi kabisa kwamba unajua kilicho mbele yake, na pale ukingoni unajiachia. Maji yalianza kama kamba nyeupe, katikati yakawa uzi, huko chini yakawa moshi. Korongo wakubwa wanaotaga kwenye kingo za mwamba walikuwa wanazunguka bondeni, chini yetu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mgongo wa ndege akiwa anaruka.

Nilimtazama baba nione kama amestaajabu. Alistaajabu, akasema Subhanallah mara mbili. Halafu akamgeukia yule mzee kumuuliza ng'ambo ile kuna watu gani. Mzee akasema ni ndugu zao, lugha moja, msiba mmoja. Mpaka uliwakuta pale. Akanyoosha mkono kuelekea juu ya mto, nyuma ya maporomoko, kwenye bonde pana upande wa Zambia. Miaka ya hamsini, alisema, Wazungu walikuja kuchimba pale, na baba yake alikuwa miongoni mwa vibarua waliobeba udongo.

"Watu walidhani dhahabu. Wakatoa mawe. Wakatoa na miti."

"Miti?" baba akauliza.

"Miti. Myeusi, imelowa. Wakaibeba taratibu kama wanabeba mgonjwa."

Hapo nikaingilia. Nilikuwa mwalimu wa Historia, na Kalambo lilikuwa mojawapo ya majina niliyowakaririsha wanafunzi wa kidato cha kwanza: Olduvai, Isimila, Kalambo. Niliwaeleza kwamba mchimbaji alikuwa Desmond Clark, kwamba aliligundua eneo lile mwaka 1953, kwamba thamani yake ni zana za mawe, na kwamba mti wa zamani kiasi hicho ungekwisha kuoza. Nililisema kwa upole, lakini nililisema kama mtu anayefunga daftari.

Baba hakubishana. Aliokota kijiti akakivunja, akakinusa kama alivyokuwa akifanya na mbao zote.

"Maji hayaozeshi mti, mwanangu. Kinachouozesha ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ukikaa majini siku zote, hewa haiufikii, na mdudu hauwezi. Pangani tulifukua boriti za mikoko chini ya tope, hakuna mtu hai aliyejua nani kazitia. Tezo iliziruka."

Kisha akamuuliza mzee swali ambalo mimi, na shahada yangu, sikuwa nimelifikiria. Ile miti ilikuwa imevunjika au imekatwa?

Mzee akasema baba yake alisimulia kwamba mmoja ulikuwa na alama za kukatwa. Zaidi ya hapo hakujua. Lakini kama tunataka, mpwa wake anakaa juu ya mto. Hatutavuka mpaka, tutakaa ukingo wa huku na kuliona bonde lenyewe, na huenda yupo mwingine anayekumbuka zaidi. Kwenda na kurudi, saa mbili.

Baba alikwisha kuvua kofia na kuikung'uta, ishara yake ya kuanza kazi. Nikatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa saa tano na nusu, tumechelewa tayari. Ningeweza leo kusingizia mpaka, au magoti ya baba, au jua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelipia boma pia, na nilitaka kuliona boma. Nikasema tutakuja tena. Baba akavaa kofia yake.

Barabara ya kuteremka Kasanga inaacha baridi ya uwanda na kukuingiza kwenye joto la ziwa ndani ya muda mfupi, masikio yanaziba, nguo zinaanza kuvuliwa moja moja. Ziwa Tanganyika lilitokea kona ya mwisho, la buluu, likiwa limelala kati ya milima kama halina mwisho wa upande wowote. Baba alifurahi kuona maji na mitumbwi. Tulikula migebuka ya kukaanga na ugali kwenye kibanda karibu na gati, na alikula samaki wawili peke yake. Meli ya Liemba haikuwepo siku ile. Dereva akamsimulia jinsi Wajerumani walivyoiunda kwao mwaka 1913, wakaipakia vipande vipande kwenye makasha, wakaiunganisha Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate. Jinsi Waingereza walivyoiopoa mwaka 1924 na ikarudi kazini 1927. Baba alitaka kujua ribiti zake zilipigiliwa na nani. Watu wa huku, dereva akasema, nani mwingine?

Kwenda bomani tulipiga hodi kwanza kwa viongozi wa kijiji, tukapewa kijana wa kutupeleka. Tukapanda. Ukifika juu unaelewa mara moja kwa nini lilijengwa pale: hakuna mtumbwi unaoweza kupita bila kuonekana. Lakini ukigeuka kutazama boma lenyewe, ni kuta nene zilizobomoka na miti iliyoota ndani ya vyumba. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa somo zima pale juu, mkono mmoja kiunoni: Bismarck, mkutano wa Berlin, utawala wa Kijerumani, kodi, vita ya kwanza. Kijana alisikiliza kwa adabu. Baba alikuwa anapita ukutani akitafuta mashimo ya boriti za dari, na kila alipopata moja aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akipima. Mbao zilikuwa zimekwisha zamani. Hizi zililowa na kukauka, alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu.

Dereva alikuwa ameketi juu ya kifusi. Akasema, kama jambo la kawaida, kwamba mizinga ya hapa ilikuwa ya miti. Wazee wa Kasanga ndivyo wanavyosimulia. Waingereza walikuja na maboti, wakaiona mizinga, wakaogopa wakarudi. Kumbe magogo.

Nikamwambia hiyo ni hekaya tu. Jeshi la Kijerumani lilikuwa na silaha za kweli, nikamtajia bunduki na meli za kivita. Akatikisa kichwa, akasema sawa mwalimu. Ile "sawa mwalimu" inaniuma hadi leo, kwa sababu haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyezoea.

Tulifika Sumbawanga saa nne usiku. Saa mbili zaidi ya ratiba, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Ilipita miaka sita kabla sijakuta habari za vita vya ziwa zilizoandikwa. Nilikuwa nimehamia Tanga. Nilisoma jinsi Waingereza walivyoleta maboti mawili madogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha wakayavusha milima ya Congo kwa mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Walianza kuzishinda meli za Wajerumani mwishoni mwa 1915. Juni 1916 kikosi chao cha majini kiliagizwa kuziba njia ya ziwani pale Bismarckburg, wakati jeshi la nchi kavu linakuja kwa nyuma. Kamanda wao, Spicer-Simson, alifika, akaliona boma na mizinga yake juu ya kilima, akaamua kurudi nyuma. Wajerumani wakapata nafasi, wakatoroka kwa mitumbwi. Boma lilipotekwa ikaonekana mizinga ile ilikuwa ya miti.

Nilijaribu kumpigia dereva. Namba haikupatikana tena. Nikampigia baba, akacheka sana kwenye simu, akasema basi siku ile tezo ilifanya kazi ya baruti. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza: na ule mti wa kule juu, umewahi kuuliziwa? Nikasema bado. Hiyo ilikuwa 2015. Mwaka 2017 tukamzika.

Sasa nimeuliza, nikiwa nimechelewa. Uchimbaji uliotoa magogo ya kwenye picha ulifanyika mwaka 2019, upande wa Zambia, juu ya maporomoko, ukiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool. Umri ulipimwa na timu ya Geoff Duller wa Aberystwyth, kwa kusoma mwanga uliohifadhiwa ndani ya punje za mchanga zilizoufunika mti, ambao unaeleza lini punje zile ziliona jua mara ya mwisho. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Septemba 2023. Mti ni wa jamii ya mlama. Mifupa ya kale kabisa ya watu wa aina yetu inayojulikana, ile ya Jebel Irhoud kule Morocco, ina miaka kama 300,000; kwa hiyo aliyelichonga pengo lile hakuwa hata binadamu wa aina yetu. Huenda alikuwa anajenga jukwaa la kukalia juu ya ardhi yenye maji, au njia ya kupitia, au msingi wa kibanda. Magogo yalidumu kwa sababu maji ya ardhini pale yako juu na mti haukukauka hata siku moja. Nilipofika kwenye sentensi hiyo niliisoma kwa sauti.

Hata Clark mwenyewe alitoa miti miaka ile ya hamsini, mingine yenye alama za kukatwa. Mzee wa baiskeli alisema kweli. Kitabu changu cha kufundishia kilitaja mawe tu, nami nikakiamini kuliko mtoto wa mtu aliyebeba ule udongo mgongoni.

Nimefundisha "Zama za Mawe" kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuliuliza jina lenyewe swali. Jina hilo halisemi watu walitumia nini. Linasema nini kilikubali kubaki. Kamba, ngozi, kapu, mpini, ubao, vyote hivyo hurudi udongoni, na sisi tukakuta mawe peke yake tukadhani hao walikuwa watu wa mawe. Seremala angejua. Seremala anaishi akijua kwamba kazi yake nyingi itakwisha kabla ya jina la aliyemlipa. Vivyo hivyo na boma: waliolijenga waliliweka juu ili lionekane, na leo ni kuta na magugu, na kitu kilichookoa waliokuwa ndani yake kilikuwa gogo lililochongwa na fundi ambaye hakuna aliyeuliza ni nani. Ninaamini alikuwa mtu wa Kasanga au wa karibu na hapo. Siwezi kuthibitisha. Lakini nikikumbuka dereva alivyojibu habari za ribiti, sioni nani mwingine.

Yule mwalimu wa Jiografia sasa anataka tukodi gari likizo ijayo, siku moja, maporomoko na boma, turudi na picha. Nimemwambia nitakwenda, ila kwa basi, na kwa siku zisizo na hesabu, na kwamba kwanza tutapanda juu ya mto kumtafuta mpwa wa mtu fulani. Kama yupo.

Wiki ile ile ya picha niliingia kidato cha kwanza na magogo mawili ya mwarobaini na tezo ya baba. Sikuandika kitu ubaoni. Niliwaambia walaze gogo moja juu ya jingine, likae bila kamba wala msumari, na mtu aweze kulikanyaga lisibingirike. Walicheka, wakaja mbele kwa zamu. Msichana mmoja mkimya, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akijibu swali, akachukua tezo akaishika vizuri kuliko wote, na nilipomuuliza amejifunza wapi akasema kwa babu yake, huko Moa. Akalichonga pengo, akapima, akageuza, akachonga tena. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Kengele ya dakika 40 ililia gogo la juu likiwa bado linatetereka kidogo upande wa kushoto, na hakuna aliyetoka.